Raundi Tatu za Kufungwa Ulimi

Leo uso sina. Saa nane mchana nilikuwa nao, nimeunawa na kuupaka mafuta. Kufika saa kumi na moja ulikuwa ndani ya lori, unaelekea Munanila. Nawaeleza mwenyewe, kwa mpangilio, kwa sababu kesho mtayasikia kwa Deo, na Deo akiweka chumvi chakula hakiliki.

Kwa wasionijua vizuri: nafanya kazi maabara, hapa Kasulu. Naangalia kwenye hadubini, naandika nilichokiona, si nilichotamani kukiona. Kila kichupa kina lebo yake. Tabia hiyo nimerudi nayo mpaka nyumbani. Kopo la chumvi limeandikwa CHUMVI. La sukari limeandikwa SUKARI. (Na chupa ya chai imeandikwa CHAI. Endeleeni tu.) Halafu mimi ni Mpare. Mnajua wenyewe sisi na kesi. Kwetu mbuzi akila mhindi mmoja wa jirani, watu wanauza mbuzi mwenyewe ili wapate nauli ya kwenda mahakamani.

Kila Jumamosi mchana tunakutana sebuleni kwangu watu wanne, tunacheza. Si bao, si karata. Ni mchezo wa mezani wa kusimuliana. Mmoja ni Msimulizi, waliobaki kila mtu ana shujaa wake. Msimulizi anasema, "Mmeingia pangoni, kuna kitu kinapumua." Wewe unasema shujaa wako anafanya nini, kisha unarusha dadu ya pande ishirini kujua kama amefanikiwa au amejikata mguu wake mwenyewe. Kitabu cha mchezo aliondoka akakiacha mzungu mmoja aliyefanya kazi kambi ya wakimbizi, mizigo ilikuwa imemzidi. Kikarithiwa na Gwakisa, mwalimu wa sekondari, ndiyo maana Gwakisa ndiye Msimulizi. Kanuni tulizihamishia kwenye kaunta buku kwa Kiswahili. Mwandiko wangu. Vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu.

Wachezaji wenzangu ni wawili. Neema ni muuguzi, Muha wa hapahapa Kasulu, anasema maneno machache na yote yanauma. Deo ni mfanyabiashara, leo yuko soko la Mabamba, kesho la Manyovu. Wiki hii maharage, wiki ijayo migebuka ya ziwani, inayofuata vitenge. Alizaliwa kambini, wazazi Warundi, na siku hizi ana kitambulisho cha taifa anachokionyesha hata kwa muuza karanga.

Hatuna vinyago. Mashujaa wetu ni punje za maharage ya Deo. Neema ana la zambarau. Deo ana jeusi. Mimi nina la njano, jina lake Nyundo. Adui mkubwa, Zimwi la Pangoni, ni tunda la mchikichi, jekundu, linang'aa mafuta. Nyundo ana miezi saba hajafa. Deo ameshazika mashujaa watano. (Kuzika ni namna ya kusema. Shujaa akifa anaingia sufuriani na wenzake. Hiyo nayo ni kanuni.)

Sasa tuje kwenye kiini cha balaa: hali.

Katika mapigano, shujaa anaweza kupigwa akaingia katika hali fulani. Kuna Ameanguka. Kuna Amefungwa Ulimi, yaani Zimwi limempulizia uchawi, hawezi kutamka neno. Tatizo letu lilikuwa watu kujisahau. Wiki mbili zilizopita shujaa wa Deo alifungwa ulimi, na papo hapo Deo akaona Neema anavamiwa kwa nyuma. Akapiga mluzi.

Nikasimama. "Pingamizi!"

"Wakili ameanza," Neema akasema. (Wananiita Wakili. Sijawahi kukataa.)

"Kanuni inasema hawezi kutamka neno," Deo akajitetea. "Mluzi ni neno? Taja herufi zake."

"Mluzi unatoka wapi?"

"Mdomoni."

"Na ulimi unakaa wapi?"

Deo akachukua karatasi, akaanza kuandika: NEEMA GEUKA. Nikaichana.

"Yewe! Kuandika kumekatazwa wapi?"

"Kumeruhusiwa wapi?" nikamuuliza. Kisha nikatoa hotuba ambayo leo ningelipa mtu aifute kwenye vichwa vya watu. Nilisema, kidole juu: "Kisichoandikwa kwamba kinaruhusiwa, hakiruhusiwi!" Nikapiga meza. Msimulizi akakubaliana na mimi. Neema akavamiwa, Deo akafa akijaribu kumwokoa. Jioni hiyo tulimla na wali.

Sikuishia hapo. (Mpare akishinda kesi moja hulala na faili kitandani.) Nikapendekeza Kanuni ya Mwili, ikapita kura tatu kwa moja: mchezaji mwenyewe atakaa katika hali ya shujaa wake mpaka hali iishe, asipofanya hivyo shujaa wake afe. Nikaipigia mstari mara mbili. Nyekundu.

Hilo liwekeni pembeni. La pili ni Konso.

Konsolata ni Muha, mwalimu Kibondo. Nataka kumwoa, naye anataka, na kwetu Upareni wazee wameshakubali. Baba yake alishafariki. Aliyebaki na sauti ni baba yake mdogo, Mzee Ntabaye wa Munanila. Mzee alituma neno kwamba kabla mshenga wangu hajakanyaga kwao, atakuja mwenyewe kuona nyumba ambayo binti atakaa na mtu atakayekaa naye. Siku ikapangwa. Jumapili, baada ya ibada. Yaani kesho.

Konso amenifundisha wiki mbili kwa simu. "Kwetu salamu ndiyo mtu," aliniambia. "Mzee akiingia, jishushe, piga makofi taratibu, mwitikie 'Mwidiwe.' Usikimbilie kuuliza habari ya safari. Na ujue, asiposalimiwa hasemi kilichomleta. Hata nyumba ikiungua." Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Nikampigia simu ayasikilize makofi yangu.

"Unaua mbu," Konso akasema.

"Nikipiga polepole zaidi?"

"Sasa umemkosa mbu."

Lakini niliendelea mpaka akasema yanasikika kama ya mtu aliyezaliwa karibu na Waha. Nikanunua kreti la soda. Nikapiga deki mpaka chini ya kabati. Kila kitu tayari kwa Jumapili.

Leo ni Jumamosi. Tukaanza mchezo saa nane kamili.

Saa tisa kasoro dakika tano Zimwi la Pangoni likanigeukia. Gwakisa akarusha dadu. Ishirini. Akarusha nyingine kuona madhara. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nyundo Ameanguka," akasema kwa sauti ya kutoa matokeo ya mtihani. "Na Amefungwa Ulimi. Raundi tatu."

Deo aliruka. Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka hivyo bila kuumwa na nyuki. "Kanuni ya Mwili! Wakili, chini! Chini!"

Mimi ni mtu wa kanuni. Nikavua viatu, nikalala kwenye mkeka kati ya kochi na meza. Chali. Mikono kando. Mdomo nikaufunga.

Raundi moja ni kila mtu kupata zamu yake. Inaonekana ni kitu kifupi, ila hamjamwona Neema akiwa na zamu. Neema hufikiria zamu yake kama mtu anayechagua kitenge cha harusi ya adui yake. Nikajua niko pale kwa muda.

Wakaanza kunichokoza. Nikiongea tu, Nyundo amekufa, miezi saba imekwenda na maji ya kuoshea maharage.

"Wakili, mende huyo, anaingia sikioni," akasema Deo.

Kimya.

"Maji yanachemka kupita kiasi, umeacha jiko," akasema Neema.

Sijaacha jiko. Kimya.

Deo akatoka nje, akagonga mlango, akaigiza sauti nzito: "Hodi! Tumekuja kukata umeme!"

Nikatabasamu kwa midomo iliyofungwa. Umeme wangu ni wa luku, wa kulipia kabla, kukatika hujikatikia wenyewe. Jaribuni jingine.

Halafu simu yangu ikaita. Ilikuwa mezani, inatetemeka, inasogea kama kobe. Neema akachungulia. "Konso."

Nikatazama dari.

"Pokea basi, Wakili," akasema Gwakisa. "Ni mchumba wako."

Ningetikisa kichwa kukataa. Lakini kutikisa kichwa kumeruhusiwa wapi? Nikaendelea na dari. Simu ikakata. Ikaita mara ya pili. Ikakata. Ikaita mara ya tatu. Nikajisemea kwamba Konso anataka tu kunikumbusha ya kesho. (Najua. Msiniambie. Najua.)

Raundi ya kwanza ikaisha. Katikati ya raundi ya pili Neema akaingia kwenye tafakari zake, na Deo akasema anakwenda kununua maandazi pale kona. Alikaa kama dakika kumi. Mlango ukafunguka, sauti yake ikaja kwanza:

"Wakili, mgeni wako! Nimemkuta kwa muuza maandazi, anaulizia Mpare wa maabara."

Nyuma yake akaingia mzee.

Nilimtazama kutoka chini kwenda juu, maana huko ndiko nilikokuwa. Viatu vimepigwa rangi. Suruali ina mstari wa pasi. Koti zito, vifungo vyote vimefungwa. Kofia ya pama mkononi. Na shingoni, nawaapia, filimbi kwenye kamba. Hapo ndipo nilipopata uhakika. Mzee gani anatembea na filimbi? Deo ameokota mzee sokoni, amemvalisha, amempa maandazi mawili aje anitoe kwenye kanuni. Nikamsifu Deo moyoni kwa juhudi, ila filimbi amezidisha.

Mzee akasimama katikati ya sebule. Akainama kidogo. Akapiga makofi, taratibu, viganja vimebinuka, mlio laini.

"Mwidiwe," akasema.

Neema akaitikia papo hapo, magoti yameshuka, makofi yanapishana na ya mzee. Deo akaitikia. Gwakisa, Mnyakyusa wa watu, akaitikia kama alivyoweza. Kisha mzee akanigeukia mimi. Akapiga makofi tena.

"Mwidiwe, mwanangu."

Kimya.

Akasubiri. Akapiga tena.

Mimi nikamkonyeza.

Ndugu zangu, nilimkonyeza. Jicho la kulia. Kwa maana ya: mzee, umecheza vizuri, ila mimi hunipati.

Mikono ya mzee ikabaki hewani. Akaishusha polepole, akakaa kwenye kiti nilichokiazima kwa ajili ya kesho.

"Huyu," akamuuliza Neema, "ni mgonjwa?"

"Hapana, baba. Ameanguka."

"Hamumwinui?"

"Bado raundi moja na nusu."

Mzee akafikiri. "Na kuongea?"

"Amefungwa ulimi."

"Poleni. Tangu kuzaliwa?"

"Tangu saa tisa kasoro," akasema Neema. "Amepigwa na Zimwi."

"Zimwi liko wapi?"

Neema akaonyesha mezani. Mzee akaliinua lile tunda, akaligeuza kwenye mwanga, akalinusa.

"Hili ni la mawese," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Limempiga yeye."

"Ndiyo, baba."

Mzee akalirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa, mbali kidogo na goti lake. Gwakisa akakohoa, akamuuliza kwa adabu, "Mzee, tukusaidie nini? Una ujumbe?"

"Ninao," mzee akasema. "Ila siwezi kuusema. Mwenye nyumba hajanisalimia."

Hapa, wapendwa, kuna kitu kilinigusa mbavuni. Nilikuwa nimeyasikia wapi maneno hayo? Asiposalimiwa hasemi kilichomleta. Lakini akili yangu, ile ya kufungua kesi, ikajibu haraka: Deo ni mtu wa huku, naye anazijua hizi mila, ndiyo maana amemfundisha mzee hivyo. Nikarudi kwenye dari. Nilikuwa mtulivu kabisa. Nilikuwa naona ushindi.

Simu ikaita mara ya nne.

Safari hii ilitetemeka mpaka ukingo wa meza, upande wa mzee. Akaizuia isianguke. Akaitazama. Picha ya Konso ilikuwa imejaa kioo chote, ile aliyopiga siku ya mahafali Kibondo.

"Huyu si Konsolata wetu?" akasema mzee.

Damu ilinitoka usoni, nikahisi ikishuka, ikapita shingoni, ikaenda kujificha miguuni.

Mzee akapokea. "Halo. Ego, ndiyo, ni mimi, baba yako mdogo... Nimeshafika. Nilipata lori la Manyovu, nikaona nije leoleo, kesho halipo... Kwake, ndiyo. Nimo ndani." Akasikiliza. Akanitazama. "Yupo. Yupo hapa chini... Chini. Sakafuni... Hapana, hajafa. Amenikonyeza."

Niliruka. Sikumbuki kupanga kuruka. Goti likapiga meza, meza ikapinduka, maharage yakatawanyika, Zimwi la Pangoni likabingirika mpaka chini ya kabati, na mimi nikapiga kelele ambayo jirani yangu wa nyumba ya tatu amekuja baadaye kuniuliza habari zake:

"SHIKAMOO BABA!"

Gwakisa, ambaye ni mwalimu mpaka kwenye mifupa, akasema kwa masikitiko ya kweli:

"Nyundo amekufa."

Mzee Ntabaye hakuitikia shikamoo. Alimwambia Konso, "Nitakupigia," akakata, akaweka simu kwenye kochi, na akanitazama kama mtu anayesoma kipimo kilichochanganywa na cha mtu mwingine. Nikaanza kueleza. Nilieleza mchezo, dadu, pango, hali, Kanuni ya Mwili, sababu za kihistoria za Kanuni ya Mwili. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu wa kufungiwa ndani.

"Kanuni mmeiandika?" akauliza.

Deo alikuwa ameshashika kaunta buku. Akampa Neema asome.

"Aliyefungwa Ulimi," akasoma Neema, "hawezi kutamka neno."

"Endelea."

"Imeishia hapo, baba."

"Na aliyeanguka?"

"Aliyeanguka amelala chini, mpaka atumie nusu ya mwendo wake kuinuka."

"Endelea."

"Nayo imeishia hapo."

Mzee akanigeukia. "Kwetu kijana akimsalimu mkubwa, hujishusha. Wewe ulikuwa umeshashuka kuliko kijana yeyote niliyepata kumwona. Mdomo ulikuwa umefungwa, sawa. Mikono je?"

"Ilikuwa... kando, baba."

"Imefungwa?"

"Hapana, baba."

"Basi ulibakiza makofi tu. Ningejua nimesalimiwa. Kipengele gani kimekataza makofi?"

Nilimwona Deo kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameweka mikono kichwani, anatetemeka kwa furaha. Wiki mbili alikuwa akilisubiri swali hilo, na amekuja kuulizwa na mtu wa nje.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema: "Lakini baba, kisichoandikwa kwamba kinaruhusiwa..."

Neema alinikanyaga. Kwa kisigino.

"Kijana," akasema mzee, "mimi nimekuwa refa. Nimechezesha mpira Munanila, nimechezesha Manyovu, nimekwenda mpaka Kibondo wakati barabara ni udongo. Hakuna mahali kitabu cha kanuni kinasema mchezaji anaruhusiwa kupumua. Wanapumua." Akagusa filimbi yake. "Na wanaolala chini nimewaona wengi sana. Walioumia ni wachache."

Hatimaye niliinama. Nikapiga makofi. Yale ya mazoezi yote yaliniishia mikononi. Nikasikia mwenyewe naua mbu, kisha namkosa mbu. "Mwidiwe, baba." Hakuitikia mara moja. Alinisubirisha muda uleule alioutumia yeye kusubiri, nadhani alikuwa akiuhesabu kwa saa, maana aliitazama. Mgongo ukaanza kuniuma. Ndipo akapiga makofi mawili, laini.

"Mwidiwe."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama watu wazima. Alikaa, akanywa chai, akala maandazi ya Deo, akasema kilichomleta: amekuja kuona nyumba. Nikamtembeza. Ilikuwa safi, hilo nashukuru. Jikoni akasimama mbele ya rafu, akasoma kwa sauti, taratibu, kopo baada ya kopo. "Chumvi. Sukari. Majani ya chai." Akafika kwenye mfuniko wa sufuria ulioandikwa MFUNIKO. (Nilikuwa na karatasi moja imebaki.) Akanigeukia.

"Na Konsolata utambandika?"

"Hapana, baba."

"Mm."

Saa kumi na nusu lori likapiga honi barabarani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikiwa nimeshika soda nne ndani ya mfuko azipeleke nyumbani. Alikuwa hajasema ndiyo. Alikuwa hajasema hapana.

Mlangoni akasimama. Akaangalia sakafuni. Akainama, akaokota punje ya harage iliyokuwa imebingirika mpaka kwenye kizingiti. La njano. Marehemu Nyundo.

Akalishika kwa vidole viwili. Akainyoosha mikono yote, mmoja ukiwa na kofia, mwingine ukiliinua lile harage juu kabisa ya kichwa chake, mbele ya uso wangu. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni.

Prrrii!

Jirani wa kushoto akatoka. Jirani wa kulia akatoka. Muuza maandazi wa kona akageuka. Na mimi nimesimama pale, soksi bila viatu, nimeonyeshwa harage.

"Ya njano," akatangaza Mzee Ntabaye, kwa wote. Akalitia harage kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akachukua soda zake, akaenda zake kwenye lori.

Nilimpigia Konso, hakupokea. Nikampigia tena, hakupokea. Nikakaa kwenye mkeka uleule. Deo akanipa andazi. Hakucheka, na ndipo nilipojua hali ni mbaya. Dakika kumi na tano baadaye ukaja ujumbe. Nauandika kama ulivyo:

"Baba mdogo amenipigia yuko kwenye lori. Nimemuuliza amekuonaje. Anasema amekupa kadi ya njano. Nimemuuliza kosa gani. Anasema KULALA CHINI KUPOTEZA MUDA. Eliamini, umefanya nini?"

Kisha wa pili: "Nimemuuliza ndiyo basi? Anasema ya njano haimtoi mtu uwanjani. Mshenga aje Jumamosi ya wiki ijayo. Ila anasema wewe uje ukae kimya, aongee mshenga, na mikono uwe nayo karibu."

Nilisoma mara nne. Nikamsomea Neema, nikamsomea Gwakisa. Deo hakusubiri kusomewa, aliruka tena, kuruka kwa leo mchana kulikuwa ni utani tu.

Nimefurahi, sikatai. Nimefurahi huku uso ukiwa haupo. Kuna makovu mawili. Kwanza, Deo amechukua kalamu yangu nyekundu akaandika ndani ya kaunta buku yangu, kwa ule mwandiko wake wa risiti, "Makofi ruksa", na akapiga mstari mara tatu. Pili, Nyundo amekufa na kanuni inataka apikwe, lakini mwili uko Munanila ndani ya koti la refa. Deo amefungua pingamizi: anasema shujaa asiyeingia sufuriani hajafa kisheria. Nami nimejikuta nikimuuliza hilo limeandikwa wapi, na Neema amenikanyaga tena, mguu uleule.

Kwa hiyo nawaomba kwa heshima msinicheke. Atakayezidiwa apige makofi, taratibu, viganja vimebinuka; hayo sasa yameandikwa kwamba yanaruhusiwa.